Mkono wa Mama Feza

Nilipokuwa mtoto kule Lurujo, meno ya mbele yalikuwa yameng'oka lakini ulimi ulikuwa umeshakomaa. Habari ya kijiji ikinipita, nilikosa usingizi. Hata leo niko hivyo, ila hii ninayowaambia haichekeshi.

Mwaka ule mvua ilikataa kuondoka. Mahindi tuliyaingiza ghalani yakiwa na maji, maana nyanya yangu aliogopa wezi kuliko mvua. Baba alikuwa askari, kambi yake mbali. Nyumbani tulikuwa nyanya, mimi, na mdogo wangu Saidi, ambaye bado nilimbeba mgongoni.

Jirani yetu Mama Feza alikuwa ametoka Kongo na binti yake Feza. Siku moja alikuja kutusaidia kupukuchua. Aliingiza mkono ghalani mpaka kwenye kiwiko, akautoa haraka.

"Mama, hii mahindi iko na moto ndani. Toa yote, anika. Ile ya ukungu tupa, hata kuku usipe."

"Kwenu Kongo chakula munakitupa?" nyanya akamjibu. "Ndiyo maana njaa ilikuleta huku."

Yaliyooza tukawapa bata, kama kila mtu alivyofanya. Mengine tukayasaga. Wiki haikuisha, bata wote walikuwa wamelala miguu juu.

Kwetu kitu hakifi bure. Bata akifa, kuna mutu. Tulifundishwa kwamba sumu hutembea chini ya kucha za mwanamke, hasa mgeni. Basi kisimani, akina mama wakizungumzia bata wetu, mimi nitanyamazaje?

"Mimi niliona Mama Feza anaingiza mkono kwa ghala yetu. Mpaka hapa!" Nikaonyesha kiwiko.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu."

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Labda habari ilikuwa tamu zaidi bila maneno yake.

Jua halijatua, watu walikuwa wametia moto paa la nyumba ya Mama Feza. Alipita uani kwetu na godoro kichwani, Feza nyuma yake analia.

"Mimi naenda, Mama. Lakini ile mahindi usipe watoto."

Nyanya akatema mate chini.

Na kosa letu likaanzia hapo. Mwenye sumu ameondoka, tukaamini sumu imeondoka naye. Nyanya alisonga ugali mkubwa kwa furaha. "Kuleni, sasa chakula iko safi." Saidi alikula mpaka akakwangua ukoko wa sufuria. Tulikula hivyo siku baada ya siku, mpaka tumbo lake likavimba, macho yakawa manjano. Nilimbeba kwenda zahanati. Kabla hatujafika, mikono yake iliachia shingo yangu.

"Mwanamke ameenda," watu walisema msibani, "lakini aliacha mkono wake."

Juzi, hapa Arua, kuku wa mjukuu wangu walianza kufa. Daktari wa mifugo akafungua gunia la chakula chao, akanusa. "Mama, hii iko na sumu ya ukungu. Hata ukipika, haitoki."

"Inaua mtoto?"

"Inaua, Mama."

Nikauliza huku na huku, kazi ninayoiweza, mpaka nikaambiwa Feza yuko Inde. Nilimkuta mzee kama mimi, mama yake amezikwa zamani. Alinitambua. Alinipikia uji, na kabla hajanipa kikombe akanywa kwanza yeye, akameza, akafungua mdomo nione. Hakuwa na hasira. Nadhani amewafanyia hivyo wageni wote maisha yake.

"Feza, mama yako alisema mahindi yana moto. Mimi nilisikia yote."

Alifuta ukingo wa kikombe kwa kitenge, akaniwekea mbele.

"Kunywa, dada. Mama naye alijua ulisikia."

Nilikunywa. Watu husema mtoto hana dhambi, na mimi hupenda kuwaamini. Ukungu uliletwa na mvua. Lile "hakusema kitu" nililileta mimi.