Niliuza Maji ya Shangazi, Nikaleta Ndizi za Dukani

Msinitaje jina, nakuombeni. Wanaonijua hapa Nizwa watanitambua tu wakifika kwenye habari ya ndizi. Kosa ni langu mimi, si la shetani wala la ujana, maana nilikuwa mtu mzima, nina ndevu na digrii ya biashara.

Familia yetu ina kampuni. Usije ukafikiria jumba la vioo! Ni majengo mawili ya kupangisha Nizwa, duka la vifaa vya ujenzi Ibra, hisa hapa na pale, na shamba la migomba Birkat al Mauz. Mkubwa wa kampuni ni Ami Khalfan, ndugu yake marehemu baba. Wenzake katika hisa ni dada zake, mashangazi zangu, waliorudi naye huku nchi ya mababu kutoka Unguja mambo yalipoharibika kule.

Mkutano hufanyika siku ya Ijumaa, nyumbani kwa Shangazi Zuwena, mkubwa wa akina dada. Tunakula, kahawa inazunguka, kisha Ami anaeleza anachotaka kununua au kuuza. Hakuna anayenyoosha kidole. Unatandikwa mkeka mlangoni, zinapangwa ndizi za shambani chane chane, na kila shangazi akiondoka huchukua yake. Aliyechukua amekubali. Aliyeiacha mkekani amekataa, na jambo linakufa hapo hapo.

Mimi msomi nilikuwa nacheka. Kura kwa ndizi, jamani! Niliona haya hata kuwaeleza wenzangu niliosoma nao.

Mwaka mmoja, miaka ya tisini, Ami akaenda Hija. Akaniachia funguo, muhuri na uwakala. Mlangoni, begi mkononi, akaniambia, "Kodi pokea, wafanyakazi walipe. Kitu chengine usikiguse mpaka nirudi. Fahimt?"

"Fahimt, Ami," nikajibu. Laiti ningekuwa nimefahamu!

Nikakaa kwenye kiti chake, nikaona mimi ndiye mimi. Nikatazama mali ya kampuni, nikaona lile shamba haliingizi hata baisa. Ndizi zote zinaishia matumboni mwa mashangazi! Na shamba lina zamu yake ya maji ya falaji, ule mfereji wa kale unaoteremsha maji kutoka mlimani. Kila mwenye haki ana saa zake, na haki hiyo huuzwa kama kinavyouzwa kiwanja. Jirani yetu wa shambani alikuwa akiitamani zamu yetu siku nyingi. Mimi nilikuwa nikitamani kujenga nyumba za wageni karibu na ngome, watalii ndio kwanza wanaanza kuja. Nikamuuzia. Nikagonga muhuri kwa nguvu zangu zote. Siku ile nilitembea sokoni kama mtu aliyechimba mafuta!

Basi mgomba haujui biashara. Ukikosa maji katika joto letu lile, hauleti malalamiko, unalala tu. Ami alipokaribia kurudi nikaenda shambani kuchungulia. Lo! Migomba imeinama yote kama watu waliofiwa, na mikungu imesinyaa.

Na Ijumaa ya kumpokea Haji ndiyo hiyo inakuja, na mkutano siku hiyo hiyo, na mimi nataka kura za nyumba zangu za wageni. Bila ndizi hakuna kura. Nikahangaika, usingizi ukanipaa.

Sasa sikiliza ujinga wa msomi. Nikaenda duka kubwa lenye viyoyozi, nikanunua maboksi ya ndizi zilizotoka ng'ambo. Kila ndizi ina kibandiko cha buluu. Nikajifungia ndani ya gari, nikavibandua kimoja kimoja, jasho linanichuruzika. Kisha nikazipaka vumbi zionekane za shamba. Astaghfirullah! Nilikaa nikipaka ndizi vumbi, mimi na digrii yangu!

Nyumba ya Shangazi ilijaa udi na vicheko. Ami kanyoa kichwa, kakonda kidogo, uso unang'aa, anagawa tende za Madina. Tukala, kahawa ikazunguka, nikasimama kueleza nyumba zangu za wageni mpaka koo likanikauka. Mashangazi wakatikisa vichwa, "Mashallah, kijana kasoma." Nikatandika mkeka kwa mkono wangu, nikapanga chane zangu.

Shangazi Zuwena akachukua ndizi moja, akaipima kiganjani.

"Mbona zimerefuka hivi?"

"Mbolea mpya, Shangazi."

"Na zote sawasawa, utadhani zimezaliwa siku moja?"

"Mbolea nzuri hiyo, Shangazi. Nimezikata mwenyewe leo asubuhi, kwa mkono wangu huu!" Nikaunyanyua mkono juu, wote wauone.

Shangazi akavaa miwani, akanivuta mkono wa kanzu. Kumbe vile vibandiko nilivyokuwa nikivibandua garini vilikuwa vikininasa chini ya kiwiko, pale nisipopaona! Vimejipanga kwenye kanzu nyeupe kama nishani za jemadari.

"Na hivi je, mwanangu?" akasema. "Shamba letu siku hizi linagonga muhuri?"

Nyumba ikapasuka kwa vicheko. Shangazi mmoja alianguka juu ya mto, akalilia maji. Na mimi nikacheka, nikidhani nimeokoka. Ami peke yake hakucheka. Wala hakuniuliza habari ya ndizi.

"Maji yetu yako wapi, weye?"

Nikasema yote. Vicheko vikakatika.

Shangazi Zuwena akakaa chini polepole. "Tulipofika hapa hatukuwa na kitu," akasema. "Baba yetu, Allah amrehemu, akasema tununue maji kwanza, mengine yatakuja. Nikavua bangili zangu za harusi nikampa. Dada zangu nao wakavua zao. Kampuni yenu yote hii imeanzia hapo. Yale maji ndiyo bangili zangu, mwanangu. Umeziuza wala hukuniuliza."

Sikujua! Wallahi sikujua. Nilijua bei ya kiwanja kila mtaa wa Nizwa, na hili sikulijua, maana sikuwahi kuuliza. Nilitamani ardhi inimeze na kanzu yangu.

Wakaondoka mmoja mmoja, wakiukwepa mkeka kama una nyoka. Hakuna aliyegusa hata ndizi moja. Nilizila mimi na mke wangu mpaka tukazichukia, zilizobaki wakapewa mbuzi.

Jirani naye akagoma kurudisha maji. Ami akawa anakwenda barazani kwake kila siku, anakunywa kahawa, anauliza hali ya watoto, anaondoka bila kutaja falaji. Mwisho jirani akaona haya. Akasema atarudisha, ila fedha yake peke yake haimtoshi, anataka na gari langu. Gari jipya, jekundu, hata nailoni za viti sijazitoa! Nikampa funguo machozi yakinilengalenga. Mpaka leo akinipita njiani hunipigia honi.

Migomba ilipandwa upya, na kampuni nzima ikasimama kuisubiri. Hakuna ndizi, hakuna kura! Nilimwomba Ami watu wanyooshe mikono tu, akanitazama mpaka nikatoka nje mwenyewe. Mkungu wa kwanza ulipokomaa niliubeba begani hadi ndani kwa Shangazi Zuwena. Akaipokea chane yake, akasema, "Haya," akaitia kapuni. Nililia kama mtoto, sioni haya kusema.

Ndugu yangu uliyeachiwa funguo za watu, hasa wewe uliyesoma, kabla hujauza kile unachokiona hakina faida, waulize wanawake wa nyumba kilipatikana vipi. Wanaume hawatakwambia, wengine hata hawakumbuki. Na ukiambiwa usiguse, usiguse!

Maana mali inarudi. Mimi maji yamerudi, migomba imerudi, na Shangazi amenisamehe, kila siku ananiombea dua. Sasa ni mtu mzima sana na macho yake hayaoni vizuri. Nikimpelekea chane yake huipokea kwa mikono miwili, hunishukuru, kisha huzipapasa ndizi moja moja, upande huu na upande ule, akitafuta kibandiko.