Mama Mlango wa Kiwanda cha Chipu

Wifi yangu ninayeishi naye, dada mkubwa wa mume wangu, kazini walimwita Mama Mlango, na jina lilimganda mpaka nyumbani nasi tukalizoea. Kazi yake ilikuwa kusimama chumba cha kuvalia katika kile kiwanda kipya cha chipu, pale mtu anapoacha vumbi la nje na kuingia chumba safi. Kofia kwanza, kisha barakoa, kisha ovaroli nyeupe inayokumeza kuanzia shingoni hadi vifundoni. Halafu unakaa kwenye benchi, unavaa buti mguu mmoja na kuuvusha ng'ambo bila kugusa sakafu ya huku, ndipo unavaa la pili. Glavu mwisho. Ukikosea mpangilio anakuvua, unaanza upya. Wenzake walimtania kwamba hata siku ya kiama atawarudisha watu nyuma wakafunge zipu.

Kiwanda chenyewe kilizaliwa na sera. Tuliisikia redioni mpaka tukaikariri: nchi itaacha kuagiza kila chipu ya simu na kompyuta kutoka nje, itafanya utafiti wake, itatengeneza zake, na nusu ya nafasi watapewa wanawake, hata walioishia shule ya msingi, mradi wanafundishika. Mimi sikuona ubaya katika maneno hayo na mpaka leo sioni. Kama ningeichukia sera hiyo, haya yaliyotokea ningeyacheka tu nikaendelea na kufua. Naipenda, ndiyo maana nina hasira.

Wifi alifundishika. Alirudi kutoka mafunzoni akatukalisha kama wanafunzi, akatueleza kuwa kuna kisahani chembamba kinachong'aa kama kioo, na juu yake wanachora chipu mamia kabla ya kuzikata. Chembe moja ya vumbi, ndogo hata jicho haliioni, ikitua pale imeua chipu. Na vumbi baya kuliko yote ni sisi wenyewe: ngozi yetu, nywele, pumzi, na kila tunachojipaka.

Basi nyumba yetu ikapata serikali mpya. Poda ilitolewa, ya watu wazima na ya watoto. Manukato yalitolewa. Sweta la sufu nililofumiwa na mama yangu likaenda kabatini, eti linatoa manyoya. Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na anavuta sigara, alifukuziwa nyuma ya ukuta wa choo, na akimaliza anasukutua maji ndipo aruhusiwe kumsalimia dada yake asubuhi. Alilalamika kwamba chipu bado hazijatoka na yeye ameshakuwa mkimbizi. Lakini nilimwona akimsifia dada yake kwa wateja wake. Alikuwa akisema, "Dada anatengeneza chipu," kana kwamba anazitengeneza peke yake jikoni.

Mimi ndiye niliyebaki na watoto. Wangu na wa wifi walizaliwa msimu mmoja, na ukiwalaza kitandani ungedhani pacha, isipokuwa wa kwake ana masikio ya mjomba wake. Asubuhi nawaogesha wote wawili kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, nawafuta, basi. Saa ya mapumziko nambeba wa wifi nampeleka kiwandani, kwenye kijichumba kilicho kati ya geti na ukumbi wa chakula, ananyonya. Na kwa kuwa kuvua na kuvaa kule ndani kunakula muda, mtoto ananyonya kwa haraka kama anayefukuzwa. Kinamama wenye watoto wachanga walikuwa wengi pale, kila mmoja na mwanawe kifuani, macho kwenye saa ya ukutani. Niliwapenda wale wanawake. Hakuna aliyewahi kuchelewa kurudi ndani, na hakuna mtoto aliyetoka pale na njaa. Sijui walifanyaje.

Ikafika siku ya ugeni wa mheshimiwa mmoja, mkubwa serikalini. Alikuja kutangaza mzigo wa kwanza wa chipu za nyumbani, zile za kuwekwa kwenye mita za umeme. Msafara ulikuwa mrefu: wasaidizi, wapiga picha na mabegi yao, wanawake wenye mitandio ya kumetameta. Wifi aliwapanga kwenye benchi kama anavyompanga yeyote. Wengi walivaa nusunusu. Mheshimiwa alivaa ovaroli akaiacha wazi kifuani ili tai ionekane, na kofia aliikataa kabisa. Wala hakuwa mkali, wifi anasema, alikuwa mcheshi.

"Mwanangu, nikifunikwa hivi hata mke wangu atampigia kura mtu mwingine," alimwambia.

Wote wakacheka. Wifi hakucheka. Alibaki ameishika kofia, akasema kwa upole kuwa bila hiyo haingiliki. Hapo meneja akamsogelea akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Mlango, leo ni leo. Fungua."

Akafungua.

Yaliyofuata tuliyaona wenyewe kwenye runinga, tumekaa sakafuni na watoto mapajani. Mheshimiwa kichwa wazi. Mheshimiwa akikishika kisahani kwa vidole vitupu, akikigeuza kamera iione. Mheshimiwa akihutubia mbele ya boksi lililofunguliwa, lenye visahani vingine, mate yakiruka kama ya mtu yeyote anayehutubia kwa moyo. Alikuwa akisema kuwa hatutakuwa tena watumwa wa viwanda vya wengine. Ambacho runinga haikuonyesha, wifi alituambia: ile mashine ya kuhesabu vumbi ilianza kulia walipoingia tu, na meneja akaamuru izimwe kwa sababu inaharibu sauti ya hotuba. Injinia wa zamu, binti msomi na mpole ambaye wote walimheshimu, ndiye aliyeizima. Aliizima huku akiangalia sakafu.

Mzigo ulipelekwa kupimwa. Karibu wote ukarudi, umekufa.

Hapo ndipo damu yangu ilipoanza kuchemka, kwa sababu kila mtu mle ndani alijua. Meneja alijua. Injinia alijua. Mpaka mpishi wa ukumbini alijua. Lakini wizara ilitaka jibu, na jibu lenye jina la mheshimiwa halina wa kulipeleka. Wakatafuta jibu jingine. Wakalipata kwa watoto wetu: eti poda. Eti kinamama wanaonyonyesha wanawapaka watoto poda, wanawakumbatia, wanaingia nayo ndani kwenye shingo na nywele. Hakuna aliyepima nywele za mtu. Ikaanza kusemwa kwamba wenye watoto wachanga watatolewa chumba safi, nafasi zao wapewe mabinti wasio na watoto, na hesabu ya wanawake iliyoahidiwa redioni itabaki palepale. Nusu ni nusu.

Ila sheria mpya ilihitaji kisa, na kisa kinahitaji mtu. Meneja akamwita wifi ofisini, akampa kiti, akamuuliza hali ya mtoto. Kisha akamweleza mpango wake. Kwenye mkutano wa zamu asimame aseme kwamba asubuhi moja alisahau, alimpaka mwanawe poda akaja nayo kazini. Yeye hatafukuzwa. Atahamishiwa bohari, mshahara uleule, kazi ya kukaa. Asiposema, basi hana nafasi, si mlangoni wala bohari.

Jioni ile wifi alitusimulia akiwa amesimama, bado ana mkoba begani. Mume wangu alikuna kichwa muda mrefu. Si mtu mbaya, na anampenda dada yake. Alihesabu yake akamwambia sema tu, dada, poda ni poda, nani atakufa, wakubwa wakishataka jambo wanalipata, afadhali wewe ubaki na chako.

 Wifi alikuwa anaangalia kidirishani.

Mimi si msemaji. Mume wangu huwatania watu kwamba alioa redio iliyoisha betri. Lakini nilisikia mdomo wangu ukifunguka.

"Mtoto huyo namuogesha mimi," nilimwambia. "Ukisema kapakwa poda, umesema nimempaka mimi. Na wale wengine pale getini, kila mmoja ana anayemuogeshea. Unatuuza wote, kwa kiti cha bohari."

Mume wangu akaniangalia kama ananiona mara ya kwanza. Wifi akavua mkoba begani, akakaa, akamchukua mwanawe. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Usiku ule nililala nikiwa nimekunja ngumi. Niliamka nikazikuta bado zimekunjwa.

Mkutano waliuitisha saa ya mapumziko, ukumbi wa chakula. Nilikuwa kwenye kile kijichumba, mtoto wa wifi mkononi na wangu mgongoni, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia yote. Meneja alianza kwa kusifu umoja. Alizungumza juu ya sera, juu ya macho ya taifa zima, akasema makosa ni ya kibinadamu na mwenzetu mmoja ana neno. Kinamama walisimama ukutani wamebanana. Walishajua. Nyuso zao sitazisahau, zilikuwa nyuso za watu wanaongoja sindano.

Wifi akasimama.

"Kwetu hakuna poda," alisema. "Nilimpa mgeni kofia, akaikataa. Nikaambiwa nifungue, nikafungua. Hilo ndilo kosa langu, na sina jingine."

Meneja akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wageni. Akasema mama huyu amechanganyikiwa, kwani mtu aliyeko kazini tangu alfajiri atajuaje mtoto amepakwa nini nyumbani.

"Mimi sijui," wifi akasema, "anayemuogesha ni yule pale. Muulizeni."

Vichwa vyote vikageuka. Niliingia ukumbini na watoto wangu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, nikaenda mpaka alipo meneja. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga tangu usiku, lakini yote yalinikimbia. Nikamnyooshea mtoto.

"Mnuse," nikasema.

Hakumpokea. Alirudi hatua nyuma, mikono mfukoni, kana kwamba nimempa kaa la moto. Mtoto akabaki hewani anapigapiga miguu. Ndipo mama mmoja, anayekaa kwenye hadubini kule ndani, akaja akamchukua. Akamnusa shingoni, taratibu, akampa wa pili yake. Huyo akamnusa kichwani, akampa mwingine. Mtoto akazunguka ukuta mzima, mkono kwa mkono, kila mama anavuta pumzi. Hakulia hata kidogo, alidhani ni mchezo. Alipofika kwa injinia wa zamu, binti yule alimpokea vizuri, akamnusa, na macho yake yakalowa. Nilingoja. Tuliongoja tulikuwa wengi. Neno moja tu kuhusu ile mashine aliyoizima.

Akanirudishia mtoto, akatoka nje.

Meneja hasira zangu hazimfikii kama zinavyomfikia binti yule. Meneja kazi yake ndiyo hiyo, kuwalinda wakubwa. Binti yule alikuwa anapendwa.

Sheria ya kuwatoa kinamama haikutangazwa siku ile, wala baadaye. Haikuwa na kisa cha kusimamia. Wako ndani mpaka sasa, wananyonyesha mbiombio vilevile, macho kwenye saa. Wifi aliachishwa kesho yake, kwa utovu wa nidhamu. Mlangoni wakaweka kijana wa kiume ambaye, nasikia, hamrudishi mtu.

Nyumbani mume wangu hajawahi kusema "nilikwambia". Alikwenda tu akachukua majokofu mengine ya kutengeneza, anarudi amechelewa, anakula, analala. Wifi anaamka saa ileile ya zamu, anakaa kitandani, hana pa kwenda.

Juzi alikuja dereva wa kiwanda. Inaelekea mheshimiwa mwingine anakuja, na safari hii mzigo ukifa hapatakuwa na wa kusingiziwa. Dereva alisimama kizingitini, kofia mkononi, akasema bosi anamtaka Mama Mlango, aende aombe radhi tu mbele ya wenzake, nafasi yake ipo.

Wifi alikuwa uani anamuogesha mwanawe. Hakuinua kichwa.

"Mwambie radhi anayo yeye," alisema. "Akija nayo, aje na injinia wake."

Akaendelea kumpaka mtoto sabuni, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Dereva akanigeukia, labda alidhani mimi ni mpole nitasema neno la kulainisha. Viti tunavyo vinne. Sikumkaribisha hata kimoja.