Sindano ya Ofisini

Tangu daktari aseme mikono yangu itatetemeka hadi kaburini, mke wangu ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano, mlango ukiwa umefungwa, wateja wasione. Leo alinisukuma nikaombe posho ya wenye ulemavu. "Mficha uchi hazai, baba watoto." Nikakaa kwenye benchi la ofisi nimeinamisha uso kama mwizi. Afisa aliposoma kwamba mimi ni fundi cherehani, akanipa sindano na uzi. "Jaribu tu, mzee." Kiburi cha miaka thelathini kikanipanda. Nikabana viwiko mbavuni, nikazuia pumzi, uzi ukapita. Akaandika: anaweza kufanya kazi.

Mke wangu alipouliza wamesemaje, nikamwambia nimekuta pamefungwa, kisha nikamsogezea sindano anitungie.