Mashine Niliyomnunulia Mama Mkwe

Nakumbuka Ramadhani moja pale mtaani kwetu Kabeza, mwanangu, nikiwa mke mpya, na kichwa changu kimejaa hamu ya kujionyesha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabla ya yale yaliyokuja kutuvunja moyo sote, ambayo leo sitayagusa. Leo nazungumzia vitunguu. Umeniuliza ununue mashine gani ya kukatia vyakula, nami siwezi kukujibu bila kukusimulia aibu yangu.

Mama mkwe wangu, Mama Hadija, alisifika kwa sambusa. Kila Idi alipeleka sahani kwa majirani, Waislamu kwa Wakristo, na Krismasi sahani hizo zilirudi zimejaa, maana kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Vitunguu alivikata mwenyewe kwa kisu kidogo, vyembamba na vikavu. Mwaka ule akateleza uani, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini vibaya. Hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Hakulalamika. Ila nilimwona akifungua kabati, akikitazama kile kisu, kisha akifunga. Aliogopa Idi itafika na sahani zake zisitoke.

Mume wangu, fundi cherehani, akanipa fedha. "Nenda mjini, umutafutie mama mashine." Angesema "Nenda na mama", labda leo nisingekuwa na la kukusimulia.

Nikaenda peke yangu. Dukani zilikuwapo mbili: ndogo, ya kutosha vitunguu vitatu, na nyingine kubwa kama ndoo, yenye visu sita na vitufe nisivyojua kazi yake mpaka leo. Muuzaji akaipigapiga ile kubwa mgongoni, utadhani ni ng'ombe wa mnada. "Madame, hii iko nguvu sana. Iko nakata, iko nasaga, iko nakanda unga. Ile ingine ni ya watoto." Basi nikaona haya kununua ya watoto. Si kila king'aacho ni dhahabu, lakini nani hukumbuka methali akiwa dukani?

Nilipofika nyumbani nikaiweka mezani na kumwambia mama mkwe, "Mama, wewe kaa tu. Mimi na mashine tutamaliza kila kitu." Nilisema kwa mapenzi, wallahi. Akaenda akakaa mkekani.

Nikajaza bakuli hadi juu, vitunguu vizima vizima, nikawasha, nikatoka kumwita jirani aje aone maajabu. Tuliporudi, vya chini vilikuwa uji na vya juu vizima kama nilivyovitia. Haraka haraka haina baraka, lakini mimi nikaendelea: uji ule nikauchanganya na nyama, nikafunga sambusa. Zikapasuka kwenye mafuta moja baada ya nyingine, na adhana ya magharibi iko karibu. Tulifuturu uji wa mtama na tende, na jirani akaondoka akijizuia kucheka.

Mama mkwe akainuka. Akataka kuifungua mashine ajaribu mwenyewe. Bakuli lile lilitaka kuzungushwa kwa nguvu huku mkono mwingine umekamata chini. Akajaribu mara moja, mara ya pili; kifundo kikakataa. Hapo akalia. Mwanangu, siku aliyovunjika mkono sikumwona akilia.

"Mukazana wangu," akaniambia, maana ndivyo mke wa mtoto anavyoitwa kwetu, "hii mashine umeinunua na macho yako. Mikono yangu haukuiuliza. Halafu unaniambia nikae. Mutu anaambiwa akae tu kama amekwisha?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilidhani nimempa pumziko, kumbe nimemtoa jikoni mwake.

Kesho yake nikamshika mkono, tukaenda kwa Mama Klodina, jirani aliyepikia watu wa harusi. Yeye alikuwa na mashine ndogo, na kila siku alilalamika kwamba haimfikishi popote. Safari hii nilifunga mdomo. Mama mkwe akainua bakuli kwa mkono wa kushoto, akafunga kifuniko kwa kukibonyeza na kiganja, akatoa kisu, akakiosha, akakirudisha. Yote peke yake. Tukabadilishana mashine, kubwa kwa ndogo, na kila mmoja akaenda zake akidhani amempunja mwenzake.

Sasa akawa mwalimu, na mimi mwanafunzi. Kitunguu alikigawa mara nne, bakuli alilitia nusu. Alibonyeza na kuachia, akabonyeza na kuachia, akafungua kutazama. "Ukiacha inanguruma, inakupa maji," alisema. "Ukiigusa kidogo kidogo, inakupa kitunguu."

Asubuhi ya Idi sahani zikatoka. Yeye mbele, mimi nyuma na sinia. Kwa kila mlango alisema, "Nimepika mimi." Mlango wa mwisho akanitazama, akaongeza, "Na mukazana wangu." Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Basi, mwanangu, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Usiende dukani kabla hujajua ni mikono ya nani itakayoitumia mashine hiyo, na ikiwezekana nenda na mwenye mikono. Mwambie afungue na afunge. Bakuli lilingane na sufuria unayopikia kila siku, si ile ya harusi. Usilijaze, na usiiache ikazunguka hadi ipate moto. Chomoa waya kabla ya kugusa kisu, na kisu usikiache ndani ya beseni la povu, mkono wa mwenzako utakikuta. Kisu chako cha mkono nacho usikitupe. Umeme wa kwetu unaujua.

Hayo ni ya mashine. Langu mimi ni hili: ukimsaidia mtu, msaidie afanye, usimfanyie mpaka akose la kufanya.

Mungu aibariki mikono yako, aibariki na ya wanaokula kwako. Akujaalie jiko lenye nafasi ya mkubwa na mdogo, na siku utakapozeeka, akupe mkwe atakayekusogezea kiti karibu na moto, kisha akuulize, "Mama, leo tunapika nini?"