Kona ya Kulia ya Bi Nabiha

Kompyuta ilizima tena pale pale, kwenye kona ya kulia kabla ya kuingia handaki, na Bi Nabiha akabaki amekikodolea macho kioo cheusi kama mtu aliyenyang'anywa sahani kabla hajashiba.

"Si nilikwambia?" alisema jirani yake Hanin, aliyekuwa amejilaza mkekani akibangua korosho. "Kona za kushoto hazina neno. Ya kulia ndiyo yakuua."

"Nyamaza, Hanin. Leo ningalishinda."

Bi Nabiha alikuwa fundi cherehani wa Kibokoni, mshonaji wa nguo za maharusi, na mkono wake ulijulikana Mji wa Kale wote. Alhamisi alisomesha wasichana ushoni kwenye madrasa. Mumewe alikuwa amefariki, na mwanawe Ziad alifanya kazi Maskati. Ziad alipokuja likizo, mwaka ule wa mvua za El Niño, alimwachia mamake kompyuta yake kuukuu, ile ya kukunja kama mkoba, ili aandikie vipimo vya wateja badala ya kuvichorachora kwenye vipande vya karatasi. Alichosahau Ziad ni kuondoa gemu ya mashindano ya magari iliyokuwamo humo ndani.

Siku za mwanzo Bi Nabiha aliandika vipimo kwa utiifu. Kisha akaiona ile picha ndogo ya gari, akaibonyeza kwa udadisi tu. Gari liliruka kutoka barabarani, likajigonga mlimani, likapinduka. Aliweka mkono kifuani, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo, kila alasiri baada ya kuswali, alikuwa akikomea mlango, akiweka kompyuta mapajani juu ya sinia, na kukata kona za milima asiyoijua hata jina. Aliyeijua siri hiyo ni Hanin peke yake. Mtaa mzima ulidhani Bi Nabiha alikuwa amelala.

Sasa mashine ikaanza kumfanyia vituko. Haikukwama wala haikuonya. Ilikata tu, kioo kikawa cheusi na sauti ikapotea, na kila kitu kikabidi kianze upya.

Hanin alisema ni joto, wakaisogezea feni. Ikazima na upepo ukiwapeperushia ushungi. Hanin akasema basi ni stima ya mtaa, maana jirani wa chini akipiga pasi taa zote hufifia. Siku ya pili wakaweka macho kwenye taa ya ukutani. Kompyuta ikafa, taa ikaendelea kuwaka kwa raha zake.

Wakaipeleka duka moja huko mjini. Kijana wa pale aliigeuza mara moja, akairudisha juu ya kaunta. "Mama, hii imezeeka. Nunua nyingine."

Bi Nabiha aliudhika kuliko alivyotarajia. "Hata hakuifungua," alisema barabarani. "Pasi yangu ina umri mkubwa kuliko yeye, na yapiga nguo mpaka leo."

Ndipo Hanin alipomkumbuka Kalama, fundi wa Ganjoni, aliyewahi kutengeneza redio za meli pale Mbaraki kabla ya kufungua kibanda chake chini ya ghorofa moja. Kalama alikuwa mtu wa pole pole, kidevu kifupi, na bisibisi haikukosa kwenye mfuko wa shati lake.

"Sabalkheri, mama. Karibuni. Huzima ukifanya nini?"

Bi Nabiha alijitengeneza buibui. "Nikiandika. Vipimo vya nguo."

Hanin alipaliwa na kikohozi cha ghafla.

Kalama akabaki nayo. Aliiweka mezani, akaiandikisha kutwa nzima huku ameegemeza kijiwe juu ya kitufe kimoja, kurasa zikijaa herufi moja tu. Haikupepesa. Akamrudishia. Alasiri ile ile, kona ya kulia, ikazima.

Mara ya pili aliifungua kabisa. Alitoa vumbi na nyuzi za cherehani zilizojisokota kwenye kifeni chake, akakipaka mafuta, akaichomoa kadi yake ya kumbukumbu na kuipachika upya, akaipima diski. Vyote vilikuwa vizima. Bi Nabiha aliichukua kwa shukrani nyingi, na kesho yake alikuwa mlangoni tena, ameikumbatia.

Kalama alijikuna shingo. Kwenye benchi alikaa mteja mmoja, Lewis, karani wa kampuni ya kutoa mizigo Kilindini, akisubiri mashine yake ya kuchapisha.

"Bi Nabiha," Kalama alisema, "kwangu mimi hii haizimi, na kwako haikosi kuzima. Mashine ni hiyo hiyo moja. Basi kuna kitu wewe wakifanya ambacho mimi sikifanyi. Sikulaumu. Nieleze tu, maana nimekwisha maarifa."

Bi Nabiha alimtazama Lewis, akautazama mlango, akamtazama Hanin, ambaye alijifanya kusoma kalenda ya ukutani. Uso ulimwaka moto. Aliwafikiria wasichana wake wa Alhamisi, na mama zao. Kisha akaifikiria ile kona.

"Huendesha gari," alisema kwa sauti ya chini.

"Gari?"

"La humo ndani."

Alingoja acheke. Kalama hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa mbele yake. "Lile jekundu?"

"La buluu. Jekundu halina breki za maana."

"Kweli kabisa," alisema Lewis kutoka kwenye benchi, kisha akaona wote wamemgeukia, akainama kukagua viatu vyake.

"Basi endesha," Kalama alisema. "Hapa hapa, kama uendeshavyo nyumbani. Usibadilishe chochote."

Bi Nabiha aliomba sinia. Sinia halikuwapo, akapewa kifuniko cha boksi. Akaweka kompyuta mapajani, Kalama akachomeka waya ukutani nyuma yake, na gari la buluu likaondoka. Mwanzo alikaa wima kama yuko studio ya picha. Baada ya mizunguko miwili akasahau kuna watu. Kona ya kushoto ilipokuja, aliinama kushoto yeye na kompyuta yote, bega likashuka karibu kumgusa Hanin. Barabara ikanyooka, naye akanyooka. Lewis alikuwa amekwisha simama bila kujijua.

"Ndiyo hii," Hanin alinong'ona.

Kona ya kulia ikafika. Bi Nabiha aliuma mdomo, akainama kulia mwili mzima, kompyuta ikifuata kama usukani, na kioo kikawa cheusi.

"Umeona!" alipiga kelele kwa furaha, mtu aliyekuwa akiombea isizime. "Umeona lakini!"

"Nimeona," alisema Kalama, na sasa ndipo alipocheka, kicheko kizuri kisichomdhuru mtu. Hakuwa akikitazama kioo hata kidogo. Alikuwa akitazama nyuma ya mashine, mahali waya wa chaja unapoingia. "Ukienda kushoto, waya walegea. Ukienda kulia, wauvuta. Hebu."

Aliiwasha tena, akaiacha itulie mezani, kisha kwa kidole kimoja akausukuma ule waya kando. Ikazima. Akautikisa hivi na hivi, taa ndogo ya ubavuni ikakonyeza. Kisha akaichomoa betri, akaipima, akatikisa kichwa.

"Betri hii imekufa kitambo. Ingekuwa nzima, ingeishikilia mashine hata waya ukikosea, nawe usingejua. Sasa inaishi kwa waya tu, na waya ukipoteza mguso, imekwenda."

Alifungua skrubu, akamwonyesha kwa kioo cha kukuzia. Pale tundu la chaja lilipolehemiwa kwenye ubao wa ndani, palikuwa na ufa wa mviringo, mwembamba kuliko uzi wa hariri. Bi Nabiha aliinama, akautazama. Mshono ulioachia aliujua aonapo.

"Yote haya," alisema, "kwa hicho?"

"Kwa hicho."

Kalama alipasha moto chuma chake cha kulehemu, akayeyusha risasi tone moja, moshi wenye harufu kali ukapanda mpaka kwenye kalenda. Alipofunga, alimrudishia ile kompyuta pale pale mapajani. Gari likapita kushoto, likanyooka, likaja kulia. Bi Nabiha akainama mpaka ushungi ukamdondoka begani. Kioo kikabaki na mwanga. Gari likaingia handaki, kukawa giza, kisha likatoka upande wa pili ambako hakuwahi kufika: daraja refu, na chini yake bahari.

"Yarabi," alisema. "Kumbe kuna bahari."

Lewis alipiga makofi. Bi Nabiha akamnyooshea kidole. "Wewe hukuona kitu."

"Sikuona kitu, mama."

Lakini Lewis aliona, na Kalama hakusahau. Miezi ikapita, akaletewa kompyuta ya ofisi moja ya Kilindini iliyokuwa ikikwama kila siku ofisini na kutulia kabisa kibandani. Akatuma salamu Kibokoni. Bi Nabiha akaja na kitambaa cha mteja mkononi, akaichunguza mashine huku na huku bila kuiwasha.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kazini kwake."

"Mwite. Wewe na mimi tutaipapasa mpaka magharibi bure."

Mwenyewe akaja, bwana mnene mwenye haraka, akaona ajabu kuulizwa na mshona nguo jinsi anavyokaa. Akakaa hata hivyo. Akaanza kuandika, na kama kawaida yake akaegemeza kiganja chote cha kushoto juu ya pembe ya mashine. Ubao wa ndani ukabonyea kidogo, na kila kitu kwenye kioo kikaganda.

"Usisogee, bwana," alisema Bi Nabiha, na Kalama akachomoa bisibisi mfukoni.