Mlio wa Pedeli ya Kushoto

Shemeji yangu hakuhitaji kengele. Pedeli ya kushoto ya baiskeli yake ilikuwa na mlio wake, kwii, kila mguu uliposhuka, na mimi nikiwa barazani na cherehani yangu niliusikia tangu kwenye kona ya duka la rangi. Nikishausikia naacha sare za shule ninazoshona, naingia ndani, namimina chai. Akifika mlangoni kikombe kiko mezani, naye anasema lile lile la kila siku: "Shemeji, wewe ni mchawi." Namjibu kwamba ningekuwa mchawi ningeanza kwa kumtafutia mke.

Alikuwa tarishi. Kwa miaka mingi alibeba barua na mafaili kutoka ofisi hii kwenda ile, mkoba wa ngozi mgongoni, na watu walimjua kwa jina hilo la kazi. Hata mama yake alimwita Tarishi. Mwembamba, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Kaka yake ndiye mume wangu, fundi baiskeli, ambaye karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Huyo alipewa maneno ya watu watatu. Alikuwa akifunga spoku anaongea, akiziba pancha anaongea, na mteja akishaondoka anaendelea kuongea na pampu.

Hawa ndugu wawili walipenda kitu ambacho mimi mpaka leo sijakielewa sawasawa, nacho ni kuendesha baiskeli mbali mno bila kutumwa na mtu. Kila mwaka kuna safari ya kilomita mia nne. Si mashindano, walinieleza hivyo mara mia. Hakuna wa kwanza wala zawadi. Unapewa kadi yenye visanduku sita, kila kituo kinakugongea muhuri, na ukirudi ndani ya saa ishirini na saba umemaliza, basi. Niliuliza, ukimaliza unapata nini? Shemeji akafikiri kwa makini, akasema, "Unapata kujua kwamba umemaliza." Nikamwambia hata mimi nikimaliza kufua najua.

Lakini sitadanganya, niliwaona wakirudi kutoka mazoezini. Walirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, vidole vimekufa ganzi hata kufungua kifungo hawawezi, mapaja yamechubuka wanakaa upande upande kama watoto waliochapwa, na bado wanacheka. Fundi anasimulia mteremko mmoja ambako barabara inashuka kilomita nane, hupigi pedeli hata moja, na machozi yanakutoka kwa upepo. Shemeji anatikisa kichwa, meno nje. "Mwambie na wale ng'ombe," anasema. Hapo wanavunjika mbavu kwa habari ya ng'ombe ambao hakuna aliyewahi kunieleza vizuri walifanya nini. Wanaume wazima, mmoja na miaka hamsini na miwili, mwingine hamsini kamili. Saa hizo nilikuwa nawaonea wivu.

Mume wangu alishamaliza safari ile mara nne. Shemeji alijaribu mara mbili, na mara zote mbili ilimshinda. Mara ya kwanza lilikuwa goti. Mara ya pili alifika kituo cha tano akakuta meza imeshafungwa, amechelewa dakika kumi na moja. Kadi ile yenye visanduku viwili vitupu aliibandika ukutani juu ya kitanda chake. Mwaka jana akasema anajaribu kwa mara ya mwisho, na Fundi akasema safari hii wanakwenda pamoja, yeye mbele njia nzima. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa hapo anachambua maharage. Alinyanyua uso akamwambia mume wangu, "Usimwache huyo."

"Simwachi, mama."

"Nimekusikia," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Niwaeleze wanavyokwenda wawili, maana bila hilo hamtanielewa. Wa mbele anakula upepo. Wa nyuma anamfuata karibu sana, gurudumu na gurudumu, na kazi inampungukia mno. Kwa ukaribu huo wa mbele hatakiwi kugeuka, kwa sababu akigeuza kichwa baiskeli inayumba na wote wawili wanakwenda chini. Kwa hiyo wa mbele anasikiliza. Miaka yote ya mazoezi Fundi alimsikiliza mdogo wake kwa ile kwii. Ikichelewa, anapunguza mwendo. Ikipotea, anasimama. Hawakuwahi kukubaliana hivyo wala kulitaja jambo lenyewe, na nadhani hata wao hawakujua kwamba ndivyo wanavyofanya.

Sasa nije kwenye ulimi wangu. Mimi ninachokiona nakisema, na nisipokisema naumwa. Siku moja kabla ya safari, jioni, baiskeli zote mbili zilikuwa karakanani zimeoshwa zinang'aa. Shemeji alikuwa kwake anapumzika. Fundi akaizungusha pedeli ile kwa mkono, ikalia, nami nilikuwa mlangoni nimeshika bakuli. Nikasema, "Fundi mzima, baiskeli ya ndugu yako inalia mbele za watu. Au grisi yako ni ya wageni tu?"

Nilikuwa natania. Alicheka, lakini niliona imemwingia. Alichukua spana, akaifungua pedeli, akaosha gololi moja moja kwa mafuta ya taa, akapaka grisi mpya, akafunga. Alipoizungusha tena haikutoa hata mnong'ono. "Kesho atadhani kapewa mguu mpya," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemnunulia mwenzake zawadi.

Waliondoka alfajiri. Shemeji alipoikanyaga pedeli aliangalia chini, akamtazama kaka yake, akacheka. "Umeinyamazisha," alisema. Fundi alijipiga kifua kwa majivuno. Nikawafungia ndizi na mayai ya kuchemsha, nikawaambia watu wenye akili zao bado wamelala.

Vituo vitatu vya kwanza walivipita vizuri. Kila kituo Fundi alinipigia simu akaniambia saa na kilomita kana kwamba nimemuuliza. Kituo cha tatu shemeji alimnyang'anya simu. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Shemeji," alisema, "kesho andaa chai."

Kutoka kituo cha tatu kwenda cha nne barabara imenyooka, haina kivuli, na siku ile upepo ulikuwa unawapiga usoni. Jua la saa tisa. Fundi aliinamisha kichwa akaukata upepo, na kwa kuwa alijua mdogo wake anachoka, alifanya lile analoliweza: aliongea. Shemeji alikuwa hajibu akiwa njiani, alitunza pumzi, kwa hiyo kimya chake hakikumshtua kaka yake. Na kimya cha pedeli Fundi alikihesabu kuwa ni kazi ya mikono yake. Alijisemea moyoni, sikia grisi hiyo. Alifurahi nayo njia nzima.

Alifika kituo cha nne, akashuka, akatoa kadi, akamwambia mtu wa muhuri, "Tuko wawili."

Yule mtu akatazama nyuma yake. "Mwenzako yuko wapi?"

Alirudi kilomita ishirini na mbili. Shemeji alikuwa amekaa kando ya barabara ameegemea ukuta wa kalavati, baiskeli kailaza vizuri, kofia ngumu iko mapajani. Mama mmoja ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya barabara alikuwa amemshika kichwa. Shemeji alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema ni moyo. Alisema pia, kwa kuwa hakujua kunyamaza, kwamba wakati mwingine mtu akiwahiwa hupona.

Mama mkwe hakumlaumu mwanawe. Alimwomba tu ile kadi yenye mihuri mitatu, akaitia ndani ya mto wake, na mpaka leo analala nayo. Mume wangu aliacha kuongea. Sizungumzii kupunguza maneno, aliacha. Wateja waliniuliza kama anaumwa jino. Alikuwa akiziba pancha huku midomo imefungwa, na mimi barazani nilijikuta nakanyaga cherehani bila kitambaa ili nyumba isikie kitu. Maneno yangu ya jioni ile hajawahi kunikumbusha. Natamani angenikumbusha, akagomba, akarusha spana ukutani. Nisingemjibu.

Kuna jingine. Yule mama wa ng'ambo ya barabara alikuja mazikoni, akaniita pembeni. "Aliita," aliniambia. "Aliita kaka, kwa sauti, halafu akaita tena. Upepo ulikuwa unairudisha sauti yake. Nilimwona yule wa mbele anazidi kwenda, bado anaongea, mkono mmoja anauchezesha hewani." Nilimshika mikono nikamwomba asimwambie mtu mwingine yeyote. Nikalichukua neno hilo nikalimeza, mimi ambaye siwezi kukaa na siri ya bei ya kitambaa.

Ikapita miezi minne. Alasiri moja niko na sare zangu nikasikia kwii. Nawaapia, miguu yangu ilisimama kabla ya akili. Niliingia ndani, nikashika birika, nikamimina kikombe kikajaa, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tumemzika. Mlio ulikuwa unatoka karakanani.

Fundi alikuwa ameipindua baiskeli ya mdogo wake, magurudumu juu. Grisi yote alikuwa ameitoa. Pedeli alikuwa ameitia mchanga na maji ya chumvi, na alikuwa anaizungusha kwa kiganja, pole pole, sikio karibu.

"Siyo hii," alisema. Sauti yake ilikuwa na kutu. "Ile ilikuwa inaanzia juu."

Nilisogea karibu. Akaifungua, akaongeza mchanga kidogo, akafunga, akazungusha. Ikalia. Akatikisa kichwa. Kisha akaanza kuongea huku anaitazama pedeli.

"Baba alipofariki baiskeli ilikuwa moja. Alimwachia yeye, kwa sababu shule yake ilikuwa mbali. Mimi nilikuwa nalala nikiiota. Akaniambia nichukue, yeye haitaki, anapenda kutembea. Nani anapenda kutembea saa mbili kwenda shule? Nilijua ananidanganya, nikaichukua. Ufundi wote huu nimejifunza kwa kuifungua ile. Sikuwahi kumwambia asante." Alifuta mkono kwenye suruali. "Siku ile nilimwambia. Pale kwenye upepo. Nilianza tu, nikamaliza yote. Sasa sijui nilikuwa namwambia nani."

Akalia. Tangu msibani sikuwa nimemwona analia. Nilimshika bega, na mimi nikalia.

Alipotulia aliniuliza bila kunitazama, "Yule mama wa kule niliwaona mnaongea. Aliita?"

Miaka ishirini na sita ya ndoa nimemwambia huyu mtu kila ukweli, na mwingi hakuuomba.

"Hakuita," nilisema. "Alikaa tu kupumzika, yule mama anasema. Alikuwa anakutazama unavyokwenda. Anacheka."

Aliipangusa pedeli kwa kidole gumba. Yeye ni fundi, anajua nati iliyolegea hata kabla hajaigusa, na sijui kama aliniamini. Mwishowe akasema, "Upepo ulikuwa usoni kwangu. Sauti yangu ilikuwa inakwenda nyuma."

"Ilikuwa inakwenda kwake."

"Basi huenda alisikia."

"Alisikia," nilisema.

Hilo linaweza kuwa kweli, na ndilo ninalomwachia. Upepo uliompelekea mdogo mtu maneno ya kaka yake ndio uliomzuilia kaka mtu ile sauti ya kuitwa. Nusu ya kwanza nimempa mume wangu. Ya pili nitazikwa nayo.

Niliketi kwenye kibao cha wateja, nikaishika baiskeli isiyumbe. Akaizungusha tena.

"Siyo," alisema.

Akachukua spana, akafungua upya. Ndani, kile kikombe nilichokimimina kilikuwa bado mezani, mahali pake pa siku zote.