Hakuonja Kwanza

Nyumba tuliyopanga Buffalo, Marekani, ilikuwa kilabu cha pombe, enzi za babu wa babu yake jirani yetu. Ni yeye mwenyewe, mzee wa Kimarekani, aliyenieleza. Wanaume walitoka viwandani moja kwa moja hadi chumba cha chini, wake zao wakawasubiri kwenye mlango wa ubavuni na watoto mikononi. Alicheka. Mimi sikucheka, maana mlango ule niliujua vizuri.

Katika chumba hicho cha chini alikaa dada mmoja Mrundi, aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania kama sisi. Kaunta ya mbao ya enzi hizo bado ilikuwepo, nzito, haing'oki. Juu yake aliwauzia pombe ya mtama wanaume wetu wa maghalani. Sikumpenda, sitaki kudanganya. Lakini kwa jambo moja nilimheshimu: hakumpa mtu kikombe kabla hajaonja mwenyewe, mtu akimwona. Ndivyo kwetu mwenye pombe anavyoonyesha kwamba haina sumu.

Baridi ilipokaza, ghala likapunguza watu, mume wangu akiwemo. Akaacha kuzungumza na watoto. Akawa anashuka chini tangu asubuhi. Mtama nao ukaadimika, na yule dada akaanza kumimina kitu cheupe kutoka kwenye dumu la bluu, hasemi amekitoa wapi. Haikupita wiki, mnywaji mmoja akaamka haoni. Wenzake wakasema ni sukari. Sukari gani ya kumpofusha mtu kwa usiku mmoja? Nilikasirika.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilipita mlango wa ubavuni kumtoa mume wangu. Nilimkuta yule dada anamimina kutoka dumu lilelile. Nikamkazia macho mdomoni. Hakuonja. Alisukuma kikombe mbele ya mume wangu, akageuka kufuta kaunta iliyokuwa safi tayari.

"Baba watoto, acha hicho! Twende nyumbani."

Mume wangu alimtazama yule dada mgongoni, kisha akanitazama mimi. Akanywa chote, taratibu, akakirudisha kikombe kwenye kaunta.

Nilimkokota ngazi zote huku napiga simu ya ambulensi. Tulikaa kibarazani kuisubiri, theluji ikituangukia, nami nikashindwa kujizuia.

"Wewe hukuona kwamba hakuonja?"

"Niliona," akasema.